Sarafu Moja Kati ya Tisa

Nchini kwetu pesa zote ni za karatasi. Mtoto wa hapa Nyamianda anaweza kumaliza shule ya msingi bila kushika sarafu hata moja, na refa wa mpira anapotaka kuamua timu ipi ianze, hutuma mtu dukani kwangu kuazima. Mimi humpa ya franka hamsini ya Burundi, na mechi ikiisha namfuata kuidai kabla hajavua viatu. Nauza chumvi, sabuni, mafuta ya kupaka na vocha za simu. Lakini ukiuliza njiani utaelekezwa kwa "yule wa makuta ya chuma", yaani mwenye pesa za chuma, na wanaokuelekeza watacheka kidogo.

Nilianza kuzikusanya bila kupenda. Nilikuwa nimekwenda Katogota kununua mchele, na mama aliyeniuzia akakosa franka za kunirudishia. Akanipa sarafu ya wakati wa Wabelgiji: ndogo, nyeusi, nyota upande mmoja, tundu katikati. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikakubali, baada ya kuipunguza nusu bei ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Ndani ya gari niliisugua kwenye suruali mpaka mwaka ukasomeka, na tangu hapo nikaharibika.

Sarafu hizo zote zina umbo moja. Kinachotofautiana ni mwaka. Nikajiwekea lengo la kupata miaka kumi tofauti. Nilikata kipande cha trei ya mayai chenye vikombe kumi, kila mwaka na kikombe chake, nikaanza kununua kwa kila mtu mwenye nyanya aliye hai.

Hesabu ya bahati nilijifunzia hapo, kwa mfuko wangu mwenyewe, maana shuleni sikufika mbali nayo. Sarafu ya kwanza haikosi: vikombe vyote viko wazi, chochote kinachoingia ni kipya. Ya pili nayo ni karibu hakika, nafasi tisa kati ya kumi. Lakini ukishajaza vikombe tisa, kila sarafu unayonunua ina nafasi moja tu kati ya kumi ya kuwa ile unayoitaka. Nafasi tisa ni za ndugu wa zile ulizonazo. Hata kama miaka yote ingepatikana sawasawa, mtu wa vikombe kumi angenunua, kwa wastani, karibu sarafu thelathini ndipo amalize, na kumi kati ya hizo zingeliwa na kikombe cha mwisho peke yake. Na miaka haipatikani sawasawa. Mimi nilikuwa nimefika sarafu thelathini na sita, nyingine nyeusi kiasi kwamba mwaka haukusomeka, na kikombe cha mwisho bado kilikuwa kimeachama.

Elimu hiyo niliigeuza kuwa ubishi. Mbele ya duka langu hukaa mama muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, jirani yangu wa biashara, mwenye ulimi mkali kuliko kisu chake.

"Kesho ndagala itatoka ao haitatoka," alisema siku moja ziwa lilipochafuka. "Ni mambo mawili. Basi ni nusu kwa nusu."

"Mama, na weye kesho utakuwa malkia ao hautakuwa. Ni nusu kwa nusu?"

"Minye niko malkia tayari. Uliza bwana yangu."

"Nilimuuliza. Alisema bado anangoja."

Watu walicheka, naye akanirushia ndagala moja. Niliiokota nikaiweka kando, kwa kuwa ndagala ni ndagala. Kisha nikawahubiria wote waliokuwapo. Mambo kuwa mawili, nilisema, hakuyapi uzito sawa. Uliza kwanza unajua nini: upepo ukoje, mwezi ukoje, jana wavuvi walirudi na nini. Kila unapojua jambo moja zaidi, nafasi zinahama. Nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nilipenda mno kusikilizwa.

Shangazi yangu, mdogo wa baba, anaishi nyuma ya nyumba yangu. Ndiye aliyenilea tangu mama alipotutoka. Binti yake aliyeolewa Kamanyola alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na siku ya kumtoa mtoto nje ilipangwa Jumamosi. Katika ukoo wetu mtoto anayetolewa nje hufungwa shingoni sarafu yenye tundu, kwenye uzi, na nyanya yake ndiye anayeileta. Ya shangazi alifungwa yeye mwenyewe alipozaliwa, kisha wakafungwa watoto wake saba, mmoja baada ya mwingine. Mmoja kati ya hao saba hakukua. Picha yake hakuna. Vyote alivyovaa alizikwa navyo, isipokuwa hiyo sarafu.

Alikuja Alhamisi asubuhi, akaifungua kutoka pembe ya kitenge.

"Papa," aliniambia. Ananiita hivyo kwa sababu nilipewa jina la baba yake. "Weye si unaogesha makuta ya zamani? Ogesha na hii. Mutoto ataitia mu kinywa, na ona vile iko nyeusi."

Ilikuwa nyeusi kweli, kwa mafuta na jasho la watoto wanane. Mwaka haukuonekana. Nilipitisha kidole kwenye tundu nikalikuta laini, limeliwa na uzi.

"Kesho utaipata kama mpya, shangazi."

"Hapana mpya. Safi tu."

Nilimsikia. Nilijibu "ndiyo" huku nikimpimia mteja chumvi.

Kuogesha sarafu kwetu ni kazi ya beseni moja: maji ya limao, majivu, na mchanga laini wa ufukweni. Mnunuzi mmoja wa Bujumbura alishaniambia kuwa watu wanaozijua sarafu hawazioshi kabisa, kwamba ule weusi ndio ngozi yake. Nilimwona mtu wa maringo. Kwetu mteja anataka kitu king'ae, awe ananunua sufuria au mkwe. Mchana huo nilimimina sarafu zangu zote ndani ya beseni, maana zile nyeusi nilitaka hatimaye kuzisoma, na ya shangazi nikaiweka juu yake. Kusahau sikusahau. Nilijiambia kuwa yake naijua, ni ile nyeusi. Kisha nikakaa kwenye kigoda nikausugua huo weusi kwa mikono yangu miwili.

Nilipozimwaga juani juu ya mkeka zilikuwa thelathini na saba. Nikahesabu tena: thelathini na saba. Zote ziling'aa kama meno ya mtu anayetaka kukukopa. Ya shangazi ilikuwa moja kati ya hizo, na mimi mjuzi nilikuwa nimeondoa alama pekee niliyoitegemea.

Sikuogopa bado. Nilitumia dawa niliyowafundisha wengine: unajua nini? Nilijua kuwa tundu la yake lilikuwa limeliwa na uzi. Sarafu ishirini na nane zilikuwa na tundu lenye ukingo mkali, na hizo zote nilikuwa nimezisoma mwaka zamani. Nikazirudisha kwenye vikombe tisa vya trei, ziada nikaitia koponi. Zikabaki tisa. Kutoka moja kati ya thelathini na saba hadi moja kati ya tisa kwa dakika chache: nilijipongeza.

Hapo ndipo jambo jingine liliponigusa, nikalisukuma. Kama uzi ndio ulioyala matundu haya tisa, basi na hizi nane zangu ziliwahi kuwa na shingo. Nilikumbuka mama mmoja wa Katogota aliyezishika mbili mkononi muda mrefu kabla ya kuziachia, na mimi nikimwambia kuwa tundu lililolika linashusha bei.

Nikaanza kusoma miaka. Ya kwanza ninayo. Ya pili ninayo. Nilipofika kwenye ya saba nikaisogeza karibu na macho, nikaipeleka mbali, nikaileta tena. Ulikuwa mwaka ule. Wa kikombe cha mwisho.

Niliitia kwenye trei. Vikombe kumi, sarafu kumi. Nilizihesabu mara mbili kana kwamba moja ingetoroka. Baadaye kidogo akili ikarudi na swali lake: hii ni yangu, au ni ya shangazi? Kwa macho, tisa zote zilikuwa sawa. Basi nafasi ya kuwa ni yake ilikuwa moja kati ya tisa, na ya kuwa ni yangu nane kati ya tisa. Katika duka zima sina biashara yenye uhakika wa namna hiyo. Hata sabuni hununuliwa kwa mashaka zaidi.

Nikaitoa kwenye trei, nikaitia mfuko wa shati, nikafunga kifungo. Nane nikaziweka kwenye sahani.

Ijumaa asubuhi shangazi alikuja, akakaa kwenye kigoda mbele ya duka. Mama wa ndagala alikuwa mahali pake, mikono ikipanga samaki, masikio yakiwa kwetu.

"Shangazi, kumetokea kitu kidogo."

"Kidogo gani?"

"Zilichanganyika mu beseni. Lakini nimepunguza. Zilikuwa thelathini na saba, sasa yako iko mu hizi nane."

Alitazama sahani bila kuigusa.

"Na hizi saba ni za nani?"

"Zangu."

"Weye ulifungwa saba?"

Mama wa ndagala alianza kucheka, akaona uso wa shangazi, akaacha.

"Nilizinunua," nilisema.

"Kwa nani?"

Nilikumbuka bei za zote saba, na punguzo nililopewa kwa kila moja. Watu sikuwakumbuka, isipokuwa ile mikono ya Katogota.

Shangazi hakungoja jibu. Alifumba macho, akachukua sarafu ya kwanza, akaipitishia kidole gumba polepole, kwenye tundu na pembeni, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani kutafuta homa. "Hapana," akasema, akaiweka kando.

Mimi sikuweza kuacha kuhesabu, ndivyo nilivyoumbwa. Kabla hajaanza, ile ya mfukoni ilikuwa na nafasi moja kati ya tisa. Alipoikataa ya kwanza, ikawa moja kati ya nane. Alipoikataa ya pili, moja kati ya saba. Mimi nilikuwa nimekaa tu sijafanya lolote, na bado kila "hapana" yake ilikuwa inahamisha uzito kutoka sahani hadi kifuani kwangu. Alipoikataa ya tano, biashara yangu ya nane kwa tisa ilikuwa imekuwa tatu kwa nne, kisha akaikataa ya sita, nikabaki na mbili kwa tatu, na jasho.

Kwenye ya saba alikawia. Aliizungusha, akairudia.

"Hii… iko karibu."

"Basi ni hiyo!" nilisema, haraka mno. "Zimebaki mbili tu, shangazi. Ni nusu kwa nusu, na kidole chako kimependa hiyo. Ichukue."

"Nusu kwa nusu?" mama wa ndagala aliuliza kutoka kwenye samaki wake. "Si weye ulitukataza?"

Alikuwa anatania. Hakujua kuwa amegonga penyewe. Sahani ilikuwa na mbili, lakini mimi peke yangu nilijua kuwa zilizobaki ni tatu, na kwamba ile nusu niliyokuwa namuuzia shangazi yangu haikuwa nusu. Nimewahi kuuza mchele uliochanganyika na mawe madogo. Sikuwahi kujisikia hivyo.

Shangazi aliiweka ya saba chini. "Hapana. Inafanana, lakini hapana." Akachukua ya nane, haikumchukua muda. "Na hii, hapana."

Akafumbua macho.

"Haiko hapa, Papa."

"Kidole kinaweza kukosea, shangazi. Limao na mchanga vimebadilisha—"

"Kinaweza." Hakukasirika. Aliangalia sahani, kisha akaniangalia mimi kwa upole uleule aliokuwa akiniuliza nao kama nimekula. "Hauna ingine?"

Kwa hesabu ya kidole chake ilikuwa imeshafika: moja kati ya moja. Mkono wangu ulikuwa kwenye kifungo kabla sijaamua. Niliitoa nikampa, na kabla hajaniuliza nikasema:

"Hii ilikuwa imeanguka mu mufuko."

Mama wa ndagala aliutazama mfuko wa shati langu. "Mufuko wa kifungo," alisema, taratibu, kama mtu anayesoma bango. Halafu akainamia samaki wake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuongeza neno. Ningependelea matusi.

Shangazi alifumba macho tena. Kidole chake kilizunguka tundu, kikaenda pembeni, kikarudi. Nilingoja aseme "ni hii". Nililitamani neno hilo kuliko nilivyoutamani ule mwaka. Alikawia sana, mteja mmoja akaja, akaona tulivyokaa, akaondoka bila sabuni.

"Sijui," alisema.

"Shangazi?"

"Ungeiweka mu sahani pamoja na zingine, kidole kingesema. Sasa sijui. Labda niko naijua kwa kidole. Labda niko naijua juu ya mahali imetokea."

Nilikaa na maneno hayo, na ninakaa nayo bado. Sarafu ilikuwa ileile na kidole kilekile. Kama ningeileta pamoja na nane, angeweza kuipata, na kuipata kwake kungekuwa na uzito. Mimi niliificha, na kule kuificha kukamwambia jambo ambalo kidole hakikupaswa kulisikia. Hakuna mtu sasa, hata yeye, anayeweza kuyatenganisha. Mizani niliiharibu mwenyewe halafu nikangoja inipe kilo.

"Nitaenda na hii," alisema, akaifunga kwenye pembe ya kitenge.

"Na hizi nane?"

"Hizo uliza wenyewe."

Jumamosi tulipanda gari la kwenda Kamanyola. Shangazi alikaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia, na kwenye kila bariera ya askari alitoa karata yake ya mpiga kura bila kugeuka kuangalia kama nimetoa yangu. Nilikuwa nimebeba kreti mbili za soda na kitenge kizuri kwa ajili ya mzazi. Kwenye kitenge sikubishana bei. Muuzaji alidhani naumwa.

Mtoto alitolewa nje saa nne, amefungwa nguo nyeupe, amekasirishwa na jua. Wanawake walipiga vigelegele. Shangazi akafungua pembe ya kitenge, akapitisha uzi mpya kwenye tundu, na sarafu ikang'aa hata waliosimama nyuma wakaiona.

"Mama," binti yake alisema, akicheka kwa mshangao, "hii ni ile ile yetu? Ile nyeusi?"

Nilitazama chini. Kulikuwa na maganda ya karanga na kizibo cha chupa. Nilijua kuwa shangazi ana majibu mawili, na kwamba jibu la kweli lingenimaliza mbele ya wakwe, na kwamba sikuwa na haki ya kuomba lile lingine. Sikuthubutu kukadiria.

"Ni ile," shangazi alisema. "Kaka yako Papa aliiogesha."

Akaifunga shingoni mwa mtoto. Kwa sauti ile, mbele ya watu wote wale, alilitamka neno hilo kwa uhakika ambao hakuwa nao, na heshima yake akanipa mimi. Watu wakageuka kunitazama na kunisifu. Mkwe mmoja alinishika mkono akasema kazi safi. Niliona uso wa shangazi juu ya kichwa cha mtoto. Hakunikonyeza, hakunikunjia uso. Alikuwa anapangusa mate yaliyoanza kushuka kwenye sarafu.

Kisha dada mmoja wa Kamanyola, mwenye mtoto anayetambaa, akamsogeza mtoto wake kwangu. Shingoni mwake kulikuwa na uzi mchafu, na kwenye uzi sarafu nyeusi kama mbegu.

"Na minye uniogeshee hii, kaka. Iko ya nyanya yangu. Utairudisha hata wiki ijayo."

Alikuwa ameshaanza kufungua fundo. Nikaficha mikono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

"Iache hivyo, dada. Iko muzuri hivyo."

"Iko muzuri namna gani? Angalia ile inavyong'aa! Au ni bei? Nitakupa kuku."

"Hapana bei."

"Kuku na kikombe cha mchele."

Alidhani napandisha. Ni kosa langu. Mtu yeyote anayenijua angedhani hivyo. Shangazi alikuwa ameinua kichwa sasa, anasikiliza.

"Kuku wawili, basi," dada akasema. "Mwisho."

"Funga tena hilo fundo," nilimwambia. "Tafadhali. Limeshaanza kulegea."

Alinitazama kama mtu aliyekutana na mwenda wazimu kwenye sherehe, lakini akalifunga.